Kauri Iliyotobolewa

Aliyenioza ndiye aliyeniibia. Ni kaka yangu, mkubwa wetu, na tangu baba alipofariki yeye ndiye aliyekuwa walii wangu, msimamizi wa ndoa yangu. Nalisema hili mapema ili nisije nikadhaniwa kuwa nimechemka miaka yote hii kwa sababu ya chombo kimoja. Wengi wameniuliza, "Lakini si jagi la maua tu?" Kila wakiniuliza, hasira huanza upya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya uwakala wa mizigo karibu na bandari, na nilikuwa nimeposwa na fundi wa reli, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, Mwislamu mpole asiyependa maneno mengi. Tulikuwa tumepata vyumba viwili vya kupanga Tudor, ghorofani, na mwenye nyumba alikuwa bado anavipaka rangi. Mchumba wangu alichonga rafu ndefu ya mvule, akaipiga msasa hata ukipitisha kiganja hukwaruzwi. Aliponionyesha alisema, "Mimi kazi yangu imekwisha. Cha kuweka hapa utajua mwenyewe."

Nami nilijua. Kwetu Kuze, katika mji wa kale, nyumba niliyozaliwa, ukuta mtupu ulikuwa aibu. Chumba cha ndani kilikuwa na zidaka, vile vishimo vilivyochongwa ukutani kwa mistari tangu chini hadi karibu na dari, na ndani ya kila kidaka palikuwa na kitu: sahani, bakuli, mrashi wa fedha, kitabu. Mtoto alifundishwa mapema kupita mbali na ukuta ule. Katikati, pahali ambapo jicho la mgeni hufika kwanza, palikaa jagi la kauri ya Kichina tuliloliita "kauri" tu, kana kwamba hapakuwa na nyingine duniani. Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtoto. Weupe wake ulikuwa umegeuka kidogo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai, na tumboni palizunguka ndege wa buluu ambaye mkia wake ulikwenda hata ukafika kwenye mdomo wake mwenyewe. Nyanya yake mama alipewa alipoolewa, akampa binti yake, naye akampa wake. Haikupata kushikwa na mwanamume ila wakati wa kupaka chokaa.

Haikutiwa maua. Mchumba wangu aliwahi kuniuliza sababu, nikacheka. Maua ya kwetu huvaliwa. Asumini hutungwa kikuba, vilua huwekwa kifuani, nyingine humwagwa kitandani. Nani angezitumbukiza majini zioze? Kauri kazi yake ni kukaa. Mama alikuwa akisema mwenye kijicho akiingia, jicho lake lende kwenye kauri kwanza. Na ikipasuka, basi imepasuka kwa niaba ya wenye nyumba.

Kidaka cha pembeni kilikuwa na jagi jengine, la gilasi ya kijani, ambalo baba alilinunua alipokuwa baharia kabla ya uhuru. Lilikuwa na tumbo nene na shingo nyembamba, na jua la asubuhi likilipiga, ukuta wa pili ulikuwa kama bahari ya Shelly. Nalo nilikuwa nalipenda. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa lile la katikati, na sikuthubutu kulitaja.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta mitaani. Kila mapumziko ya mchana nilipita Biashara Street na Digo Road, nikiingia duka baada ya duka. Wakati ule vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa. Majagi ya gilasi yenye midomo ya dhahabu, majagi meusi yenye waridi la kunata, mengine marefu ya kusimama chini, ya kutiwa manyoya ya tausi. Nilikuwa siyachukii. Moja la rangi ya kahawa, halina pambo hata moja, lilinisimamisha dirishani siku mbili tatu. Lilikuwa na umbo safi, kama mtu aliyenyamaza kwa heshima. Nililinunua, na mpaka leo sijutii. Kitu cha kisasa hakina kosa kwa kuwa cha kisasa. Kosa ni uongo.

Na uongo nilikutana nao kwenye vijiduka vya vitu vya kale karibu na ngome. Huko waliuza "kauri za zamani" ambazo zamani yake ilikuwa juzi. Nilijifunza kwa kudanganywa. Nilijifunza kuligeuza jagi nitazame kitako kabla ya uso: cha zamani kimesuguliwa na meza nyingi hata kikawa laini, kipya kina ukingo unaokata kidole. Nilijifunza kugonga kwa ukucha na kusikiliza. Nilijifunza kufuata mchoro kwa jicho. Uliochorwa kwa mkono hutetemeka, uliobandikwa hukutana na mwanzo wake ukapishana, jani nusu na ua nusu. Nikirudi nyumbani nilikuwa namsimulia mama, naye akisikiliza huku anachambua mchele, anatabasamu.

Alasiri moja aliniita chumba cha ndani. Mama mdogo, dada yake wa Kibokoni, alikuwako, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Ndoo hapa," mama akaniambia. "Umechosha miguu yako madukani bure. Teua."

"Niteue nini, mama?"

"Ukitakacho humu."

Nilidhani ananijaribu. Nikaonyesha gilasi ya kijani. Mama akatikisa kichwa. "Hilo ndilo ulitakalo, au ndilo uliloona haya kidogo kuliomba?"

Basi nikanyosha mkono kwenye kauri. Mama akaitoa mwenyewe kidakani, akaipangusa kwa ncha ya leso yake, akanipakatisha kama anipaye mtoto mchanga. "Nimekupa," akasema. "Wallahi nimekupa ningali hai, si urithi wa kugawanywa. Na nyinyi wawili mashahidi." Mama mdogo akapiga kigelegele kifupi, jirani akasema mashaallah, nami nikalia.

Nyumba ya Tudor ilikuwa bado ina ndoo za rangi na ngazi za mafundi, kwa hivyo tukakubaliana kauri ingoje pale pale kidakani mpaka nihamie. Ilikuwa imeshangoja miaka mingi, siku chache hazingekuwa kitu.

Jumapili moja nilipotoka Majengo kwa mshonaji, nikaingia chumba cha ndani kuvua buibui, nikaona kitu kinang'aa. Katika kidaka cha katikati palisimama jagi la dhahabu, dhahabu ya kupakwa, lina masikio mawili kama ya kombe la mpira, na ndani yake waridi za plastiki zikiwa bado zimevikwa nailoni.

Mama alikuwa ameketi mkekani, na hakuinua uso.

"Mama, kauri i wapi?"

"Muulize kakako."

"Kaka ameiweka wapi?"

"Nimekwambia muulize kakako." Sauti yake ilikuwa baridi, na sikuwa nimezoea baridi ile. Akajifunika leso, akageukia upande wa pili. Nilisimama pale sielewi. Nilidhani ameogopa. Nilidhani amemchagua mwanawe wa kiume, kama walivyofanya mama wengi niliowajua, na nikahisi kitu kinapanda kifuani ambacho sikuwahi kukihisi kwake.

Nikavaa buibui langu tena, nikatoka.

Kaka yangu alikuwa dalali wa kila kitu, nyumba, magari, viwanja. Alasiri zake alizimaliza katika baraza moja Kibokoni, na mwanamke hakai wala hasimami mbele ya baraza ile. Nikasimama. Nikawasalimu wote kama ipasavyo, wakaitikia.

"Nenda nyumbani," kaka akaniambia kwa tabasamu la kuwaonyesha wenziwe. "Tutazungumza."

"Tuzungumze hapa. Kauri yangu iko wapi?"

Akainuka upesi, akanishika kiwiko, akanivuta hadi kwenye pembe ya msikiti. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Unataka kunifedhehesha?"

"Iko wapi?"

"Nimeiuza. Na nimewaletea cha kisasa, kizuri zaidi. Ile ilikuwa imechakaa."

"Mama alinipa mimi. Kuna mashahidi."

"Mashahidi wanawake wawili na vigelegele." Akacheka puani. "Hebu sikiliza. Ile ni kauri ya ukoo wetu. Wewe ulitaka iende wapi? Ikae kwenye rafu ya Mnyika?"

Nakumbuka nilimtazama kinywa kana kwamba neno lile, dharau ya watu wa mji kwa Wagiriama na wenzao, lingeonekana likitoka. Mtu ambaye kaka alikula kwake siku ya posa, akapokea mikono yake miwili, akamwita shemeji.

"Kwa hiyo kwa mume wangu haifai," nikamwambia, "ila kwa mtu usiyemjua jina inafaa?"

"Huyo alilipa."

"Nani?"

Akainama karibu na sikio langu, akasema polepole kama mtu anayemfunza mtoto: "Kumbuka nani atakuozesha. Mkono wako umo ndani ya mkono wangu."

Akarudi barazani. Nikawasikia wakicheka, sijui kama walinicheka mimi.

Jioni hiyo nilizunguka kwa jamaa. Ami yangu akaniambia nivumilie mpaka nikahi ipite. Mama mdogo, shahidi wangu mwenyewe, akanishika mikono akanisihi, "Mwanangu, usimchokoze. Akigoma kukuozesha, itakuwa kwenda kwa kadhi na mji mzima ujue. Kitu ni kitu tu." Kila mmoja alinipa kahawa na kila mmoja aliniambia ninyamaze. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kaka amefanya ubaya. Si kwamba hawakuliona. Walilipima, wakaona nafuu ni mimi nilimeze.

Sikulimeza. Kauri iliyoondoka Kuze haiendi mbali bila kupita mikononi mwa wauzaji wa vitu vya kale, na baada ya kuzurura madukani, wote nilikuwa nawajua. Wa tatu niliyemwendea alikuwa mtu nadhifu sana, mwenye duka la giza lenye kiyoyozi, karibu na bandari ya kale. Kazi yake ilikuwa kupamba nyumba za watu wenye uwezo na hoteli. Nilimweleza ndege na mkia wake, akapiga makofi kwa furaha.

"Ah, ile! Kitu cha heshima. Imeshakwenda, bibie. Nimeiweka Kizingo, katika sebule ya kupendeza. Lakini naweza kukutafutia nyengine."

"Sitaki nyengine. Ile ni yangu. Imeuzwa na asiye mwenyewe."

Uso wake haukubadilika, ila mikono ilianza kupanga vitu juu ya meza. "Mimi nilinunua kwa mtu mzima mwenye akili zake, kutoka nyumba ya kwao. Ya ndani ya nyumba yenu mimi siyajui." Hata hivyo akanitajia ilipo nyumba, kwa kuwa alitaka niondoke kabla ya mzungu aliyekuwa mlangoni kuingia.

Jumamosi nilitoka ofisini adhuhuri, nikateremka kwa miguu mpaka Kizingo. Kwenye barabara ya Mama Ngina watu walikuwa wameanza kujipanga ukingoni mwa bahari na mihogo yao ya kuchoma na madafu, watoto wamevishwa nguo za kutokea. Nilipita katikati yao nimekunja ngumi ndani ya buibui. Nyumba ilikuwa na geti kubwa. Mlinzi aliniuliza shida yangu, nikamwambia nimekuja kumwona mama wa nyumba kwa habari ya jagi la maua, akaniruhusu, pengine alidhani nauza.

Mama wa nyumba alikuwa mtu wa bara, mumewe mkubwa fulani bandarini. Siwezi kusema alinikosea adabu. Alinikaribisha, akaniletea soda yeye mwenyewe, akaniuliza kwetu ni wapi. Nami sikusikia nusu ya aliyonena, maana niliiona.

Ilikuwa juu ya meza ndogo kando ya kochi. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kifuniko cha shaba, na juu ya shaba palitoka balbu, na juu ya balbu kofia ya kitambaa cha rangi ya malai ya maziwa. Chini, pale kwenye kitako ambacho mikono ya wanawake watatu ilikuwa imekilainisha, palitoka waya mweupe ukaingia ukutani. Walikuwa wameitoboa. Wamechukua keekee ya fundi wakaitoboa kitako, ili kuifanya taa.

"Ni nzuri, sivyo?" mama yule akasema. "Yule mtu ya duka ndiye alinitengenezea. Aliniambia hii ilitoka kwa familia ya zamani sana ya Old Town, familia iliisha yote. Hakuna mtu alibaki."

"Alikwambia nini?"

"Ati walikwisha wote. Nilihurumia kweli."

Nikasimama. Soda ilimwagika juu ya zulia lake na sikuomba radhi. "Mama," nikamwambia, "mimi ndiye hiyo familia. Mama yangu yuko Kuze sasa hivi anapika. Hatujaisha. Niangalie vizuri, hatujaisha!"

Sauti yangu ilimtoa mpishi jikoni. Mama yule alinitazama kwa muda, kisha akaitazama taa, kisha akanirudishia macho. Nikamweleza yote, mashahidi, kidaka, kaka, na katikati ya maelezo nikaanza kulia kwa hasira, kilio kile kibaya kinachokwamisha maneno. Alipopata kusema, alisema hivi: "Mimi sikuiba. Lakini sitaki kitu ya machozi kwa nyumba yangu. Huyo ndugu yako alete alichopewa, arudishiane na mtu ya duka, wakuje wote wawili hapa, mimi nitaitoa. Sitakupatia wewe halafu kesho waseme umeninyang'anya."

Ilikuwa haki. Hata katika ghadhabu yangu niliona kuwa ni haki, na hilo likanichoma zaidi, kwamba njia ya kuipata inapita kwa kaka.

Nilifika Kuze magharibi ikikaribia. Mama alikuwa jikoni, na mara ya kwanza katika maisha yangu nilimpigia kelele.

"Unanyamaza! Umenipa mbele ya watu ukaapa kwa Mungu, kisha akaja akaichukua na wewe umekaa hapo unanyamaza! Wameitoboa, mama! Wameitoboa tundu chini wakatia waya wa stima!"

Mama aliweka mwiko. "Nani aliyeitoboa?"

"Walioinunua! Wameifanya taa!"

"Na wewe umelia nini," akasema taratibu, "ilhali ndiwe uliyetaka iuzwe?"

"Mimi nilitaka?"

"Kakako alinambia mumekubaliana, weye na yeye. Kwamba waona haya kunambia. Kwamba mumeo hapendi makuukuu, mwataka fedha za kununulia viti." Akasogeza sufuria kando ya moto. "Nikasema, nimempa, ni yake, auze akipenda. Lakini nisimtizame usoni."

Siku zote zile alikuwa amekaa na jeraha hilo. Mimi nilimwona ameniacha, naye aliniona nimemtupia zawadi yake sokoni. Kaka yangu alikuwa ametuweka kila mmoja upande wake wa ukuta, akapita katikati na kauri yetu mkononi. Nilimwapia mama kwa kila nilichoweza kumwapia. Hakuhitaji. Alikuwa ameshaona usoni mwangu.

Hakulia. Alimaliza kupika, akasali, akamtuma jirani amwite kaka. Alipokuja, mama hakumpa nafasi ya kukaa.

"Kazirudishe fedha ulizopokea," akamwambia. "Ukaitukue kauri, uilete hapa. Kwa mikono yako. Usiipakie gari. Upite Kibokoni, upite mbele ya baraza yako, baada ya laasiri watu wakiwa wamekaa."

"Mama, imeshauzwa. Neno la mtu mzima..."

"Uliuza neno langu." Mama yangu hakuwahi kupandisha sauti, na siku ile pia hakupandisha. "Wanitumia uongo juu ya mwanangu, wanifanya nimchukie mtoto wiki nzima kabla ya harusi yake. Usipoileta, mimi nitakwenda kwa kadhi mwenyewe, kwa miguu yangu hii mibovu, nimwambie mwanangu huyu hafai kuwa walii wa hata kuku."

Kaka alinitazama mimi, si mama. Nilimrudishia macho mpaka akayaondoa yeye.

Aliileta. Jinsi alivyorudishiana na yule mpambaji sikujua wala sikuuliza. Nilikuwa dirishani mwa juu nilipomwona anakuja kwenye uchochoro, kanzu yake nyeupe, kauri ameikumbatia kifuani, na ule waya mweupe unaburuzika nyuma yake juu ya mawe. Hakuna aliyeufungua. Nilisikia baadaye kuwa barazani walimwuliza, "Eh, leo umekuwa fundi wa stima?" na kwamba aliongeza mwendo. Nilidhani ningefurahi. Sikufurahi. Nilikuwa nikitazama waya tu.

Mama alitoa shaba, akatoa balbu, akakata waya kwa kisu cha jikoni. Akaigeuza kauri, akatia kidole chake kwenye tundu, kikaingia mpaka kifundo cha kwanza. Kisha akaiosha kwa maji na sabuni, akanipa mara ya pili. "Si nzima," akasema. "Lakini ni yako." Jagi la dhahabu akalitoa kidakani siku hiyo hiyo, akalipeleka jikoni akalitia miko.

Wiki mbili baadaye kaka yangu alikaa mbele ya shekhe, akamshika mume wangu mkono, akatamka maneno ya kuniozesha kwa sauti nzuri ya kusikika. Wageni walisifu sauti yake. Nilikuwa chumba cha ndani na wanawake, nimepakwa hina mpaka viwikoni, asumini zimenijaa kichwani, na nilipoisikia sauti ile nilisaga meno. Wanasema bibi harusi hulia kwa kuwaacha wa kwao. Mimi sikulia. Nilikuwa nimejaa kama chungu kilichofunikwa.

Kule Tudor, mume wangu alitaka kuliziba lile tundu. Alijua dawa ya kuchanganya, angelipaka rangi hata usingelitambua. Nikakataa. Tulibishana, mojawapo ya mara chache tulizobishana. Aliniambia, "Kila ukiisafisha utalikuta." Nikamwambia ndivyo nitakavyo. Nikaiweka mwisho wa rafu, lile jagi la rangi ya kahawa mwanzo wake, na gilasi ya kijani ya baba, ambayo mama alinipa pia baadaye, katikati. Wageni waliokuja waliniuliza bei ya lile la kahawa. Wachache walioijua kauri waliigeuza kitako, na nilikuwa nangoja nyuso zao.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini mama alikuwa ameshatutoka. Siku ya Idi kaka alikuja kututembelea na binti yake mkubwa, ambaye alikuwa ameposwa. Mume wangu alimpokea vizuri, kama alivyompokea siku zote, na sikumwambia kamwe lile neno la kwenye pembe ya msikiti. Kaka akala haluwa, akatazama rafu, akamwambia binti yake mbele yangu, "Mwulize shangazi yako akufundishe kupamba nyumba. Ana jicho." Kisha akanigeukia, anatabasamu lile tabasamu la baraza. "Yale ya zamani yamepita, au vipi?"

"Yamepita kwako," nikamwambia.

Binti yake akainamisha kichwa. Kaka akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari, akainywa yote, akaomba ruhusa ya kuondoka. Nikawasindikiza mpaka ngazini. Nilimpa yule msichana mkono wa Idi, nikambusu, nikamwambia aje peke yake Jumamosi twende madukani. Baba yake alikuwa ameshateremka, ananiaga bila kugeuka.